Kopo la Mafuta Mwisho wa Reli

Mlango wa jiko la mama yangu umeandikwa USA mara nne, na mara zote nne herufi ziko kichwa chini miguu juu. Fundi aliyeutengeneza mwaka 1998 aliyakata makopo ya mafuta ya msaada, akayanyoosha kwa nyundo, akayapigilia kwenye fremu ya mbao. Nadhani hakuona sababu ya kujali nchi ya watu inakaa upande gani. Bati ni bati. Nyekundu na bluu zimefifia kwa moshi, na ile mikono miwili inayoshikana siku hizi inaonekana kama ya watu wanaonyang'anyana kitu, lakini mlango wenyewe mzima. Umeshinda paka watatu na mvua za misimu zaidi ya ishirini na tano.

Kila nikisoma mahali kwamba Vita Baridi viliisha mwaka fulani, kisha utandawazi ukaanza, kama walinzi wanaopokezana zamu getini, naukumbuka mlango huo. Hapa Kigoma vitu hivyo viwili havikupokezana zamu. Kimoja kilikuja kwa ziwa, kingine kwa reli, vikakutana mikononi mwa mama, muuza mawese.

Nianze na baba, maana yeye alikuwa mtu wa reli.

Baba ni Mnyamwezi wa Tabora aliyehamishiwa Kigoma mwaka 1974 kuwa karani wa mizigo gudsheti. Alikuja kwa miaka miwili, akaoa Muha, akabaki. Kwa asiyejua, hapa ndipo Reli ya Kati inapokomea. Wajerumani waliifikisha Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kabla mwaka haujaisha walikuwa vitani wakiipigania. Watu wa Dar hututania kuwa sisi ni watu wa mwisho wa reli. Baba hakuwahi kukasirika. Aliwajibu kwamba kwa mtu aliyeshuka na gunia lake kutoka Uvira au Kalemie, reli inaanzia hapa, na huko kwao ndiko inakokwisha.

Dunia aliijua kwa maandishi ya magunia. Nje ya nchi amefika Bujumbura tu, mara mbili, lakini alijua kahawa ya Burundi inaelekea wapi, chumvi ya Uvinza inaliwa na nani, saruji imetoka kiwanda gani. Alijua pia yale mahindi ya njano ya Marekani ya miaka ya njaa, ambayo nchi nzima iliyaita yanga, yaliingia na magunia mazuri kiasi kwamba gunia lilipendwa kuliko ugali wake. Jioni, kwenye kota, alitusimulia mizigo kama wengine wanavyosimulia mpira.

Baada ya chakula ilikuwa zamu ya redio. National, ya betri kubwa, ngozi yake imepasuka pembeni. Redio Tanzania ilikuja na kwenda kama umeme, lakini masafa mafupi yalileta ulimwengu mzima uani kwetu: Moscow kwa Kiswahili, Sauti ya Amerika kwa Kiswahili, Beijing kwa Kiswahili, Sauti ya Ujerumani, BBC, Cairo. Hebu fikiria. Duka la kaya halina sabuni, dawa ya meno hatujaiona tangu mfungo uliopita, lakini mataifa makubwa yanalipa watangazaji, wengine vijana wa Tanga na Unguja, watubembeleze kila jioni kwa lugha yetu wenyewe. Sijawahi tena kubembelezwa hivyo.

Baba alikuwa na mchezo wake. Alisikiliza habari moja Moscow, kisha akaisikiliza kwa Wamarekani. Kama huyu amesema wamekufa themanini na yule amesema ishirini, alitugeukia sisi watoto: "Jumlisha, gawa kwa mbili, halafu toa uzito wa gunia." Hiyo ya uzito wa gunia ilikuwa ya ukarani. Kila mzigo hupimwa na chombo chake, na mwenye akili hutoa chombo kwanza ndipo ajue amebaki na nini.

Nimekuja kuona ukubwani kwamba hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa siasa ya nje ya nchi yetu. Mwaka 1965 Wajerumani wa Magharibi walikata sehemu ya misaada yao kwa sababu Dar imewaruhusu Wajerumani wa Mashariki kufungua ubalozi mdogo; wale wa Mashariki wakaenda kujenga maghorofa Unguja. Reli ya kwenda Zambia ilipokataliwa na nchi za Magharibi, wakaja Wachina, wakatandika kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975. Na palepale, Wamarekani waliokuwa hawaoni faida ya reli wakaona faida ya barabara, wakasaidia kujenga lami ya kwenda Zambia hukohuko. Kuwa na wachumba wawili wasiopendana kuna raha yake, ilimradi usiolewe.

Sisemi ilikuwa neema. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mama alilala na hofu wiki nzima kwa ajili ya vitenge sita vya Zaire alivyovifunga kwenye nailoni na kuvizamisha ndani ya debe la mawese. Vitenge vilipona. Kimoja kina alama ya mafuta mpaka leo, na ndicho anachokivaa kwenye harusi, kwa kiburi.

Lakini wakubwa hao hawakuwa redioni peke yake. Kabla sijazaliwa walishapita hapa wenyewe, usiku.

Wajomba zangu ni watu wa Kibirizi, pale boti zinapotia nanga, na Kibirizi kuna matoleo mengi ya kisa cha Wakuba. Idadi ya wazee wanaodai kumvusha mwanamapinduzi Che Guevara kwa mikono yao ni kubwa hivi kwamba nashangaa chombo hakikuzama. Yaliyo wazi ni haya. Aprili 1965 aliingia Dar es Salaam amenyoa ndevu, kwa jina la uongo. Akaletwa Kigoma kwa gari, na usiku wa kuamkia tarehe 24 akavuka ziwa kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Wakuba waliomfuata walizidi mia moja. Majina yao ya kificho waliyatoa kwenye hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke, aliyetangulizwa kuwa kamanda, akaitwa Moja, na Che akaitwa Tatu. Watoto wa Cuba wamekulia kwenye picha yake ukutani; huku kwetu alikuwa nambari.

Upande wa pili nako hawakulala. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilileta Wakuba wengine, wale waliomkimbia Castro, waendeshe ndege na boti za doria kutokea Kongo. Mwaka huo, basi, Wakuba walikuwa wanawindana na Wakuba juu ya maji ya migebuka na dagaa, kwa ugomvi ulioanzia kisiwani kwao, na wavuvi wa Kigoma wakizima karabai zao kila wanaposikia mngurumo. Che mwenyewe alilalamika kwa maandishi kwamba wapiganaji wa Kongo wakipata kisingizio cha kuvuka kuja Kigoma hawarudi upesi, kwa sababu ya pombe na starehe. Wajomba wakisikia hilo hucheka mpaka machozi. Wanasema huo ndio mchango wa mji wetu katika mapinduzi ya dunia.

Najua kuna atakayeniletea methali ya fahali wawili na nyasi. Aiache. Nyasi haijawahi kuwauzia fahali wote wawili samaki.

Novemba Che akarudi Kigoma kwa boti, ameshindwa. Siku chache baadaye, tarehe 24 mwezi huohuo, jenerali mmoja akachukua nchi ng'ambo ya pili. Mobutu ndiye jirani tuliyeachiwa na ugomvi ule. Alikaa miaka thelathini na zaidi, na kilichomkalisha hakikuwa siri: maadamu Moscow iko upande ule, Washington haikumuuliza maswali ya jikoni. Hata Juni 1989 alipokelewa na Rais Bush Ikulu ya Marekani.

Novemba ya mwaka huohuo wa 1989 ukuta wa Berlin ukafunguka. Tarehe 24 Aprili 1990, miaka ishirini na mitano kamili tangu Tatu avuke ziwa letu, Mobutu alisimama mbele ya wananchi wake, akatangaza kuwa chama kimoja basi, na sauti ikamkwama kwa uchungu. Tulimsikia redioni. Mama alisema huyo hamlilii mtu, anajililia.

Kwetu mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka, polepole. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalisainiwa 1986, Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya Ujamaa kwa viongozi, likaja 1991, mwaka uliofuata vyama vingi. Sabuni ilirudi dukani, na mitumba ikajaa sokoni Mwanga. Sitajifanya kuwa niliukumbuka Ujamaa nilipopata viatu vya Bata vya kwanza visivyo vya dada.

Usiku wa tarehe 25 Desemba 1991 tulitoka kula pilau kwa jirani zetu Wakristo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Gorbachev amejiuzulu, bendera nyekundu imeshushwa Kremlin. Baba akaisikiliza habari kwa Waingereza, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta Moscow. Moscow ilikuwa bado hewani, kwa Kiswahili kilekile cha kiungwana, ila mtangazaji alisoma habari za nchi yake kama mtu aliyeombwa kutangaza msiba wa mtaa wa pili. Baba hakuigeuza tena. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akakaa na giza.

"Sasa nani atamjibu mwenzake?" aliuliza.

Nilidhani anazungumzia redio.

Sitaki kudanganya kwamba yaliyotokea Burundi na Rwanda yaliletwa na ukuta wa Berlin. Yana mizizi yake, na Kigoma ilishawapokea Warundi tangu mauaji ya 1972, wengi wamezaa na kujukuu hapa. Lakini upepo uliovuma ni uleule. Burundi ilipiga kura ya vyama vingi Juni 1993, ikampata Rais Ndadaye, na tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua. Kibondo na Kasulu zikajaa. Mwaka uliofuata Rwanda. Na ng'ambo yetu Mobutu alikuwa na jeshi lisilolipwa, saratani mwilini, na marafiki waliokuwa hawapokei simu.

Oktoba 1996 vita vikafika Uvira. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, nasubiri matokeo na kumsaidia mama. Asubuhi moja mjomba alikuja mbio akasema twendeni Kibirizi na maji ya kunywa, mengi tuwezavyo. Ziwa lilikuwa limejaa boti mpaka huoni katikati. Walikuwa wamelala siku mbili majini, wengine tatu. Nakumbuka mwanamke aliyeshuka na cherehani kichwani akakataa kusaidiwa. Nakumbuka mzee aliyeng'oa mlango wa nyumba yake, akasafiri na mlango, kufuli likining'inia. Walituita mama, hata mimi niliyekuwa msichana, na walisema Kiswahili kinachofanana na chetu kama ndugu wa baba mmoja: *Aksanti, mama. Mayi iko?* Mayi ni maji. Yalikuwepo, hayakutosha.

Novemba hiyo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili yao. Ipo mpaka leo. Na aliyekuwa anaongoza vita kule, akielekea Kinshasa, alikuwa Laurent Kabila, yuleyule kiongozi wa waasi ambaye Che alivuka ziwa kwenda kumsaidia. Alisubiri miaka thelathini na mmoja milimani na huku kwetu, na kilichombadilikia si nguvu zake. Mei 1997 Mobutu alikimbia, Septemba akafia Morocco. Wanaosimulia mwisho wa ugomvi wa mataifa makubwa huonyesha vijana wakicheza juu ya ukuta kwa nyundo na shampeni. Mimi nikiufikiria naona cherehani ile.

Ndipo makopo yakaanza kuja.

Baba aliyaona kwanza, yakiwa kwenye mabehewa. Alisema tangu aanze ukarani hajaona treni yenye maandishi ya nchi moja kiasi hicho: dengu za njano zilizopasuliwa, unga, na katoni za makopo ya mafuta, sita sita, lita nne kila kopo. Yameandikwa kwa Kiingereza kwamba si ya kuuzwa wala kubadilishwa. Baba alisoma kwa sauti, akafasiri, mama akacheka.

Mafuta yale yalikuwa ya mbegu, meupe, yameongezwa vitamini, hayana harufu. Ni mafuta mazuri. Tatizo lake ni kwamba Mkongo hali sombe kwa mafuta yasiyo na harufu. Kisamvu kilichotwangwa kikapikwa bila mawese, kwa mtu wa Uvira, ni adhabu. Mama alikwenda mara ya kwanza soko la Makere, karibu na kambi, na madumu mawili tu, kujaribu. Mwanamke wa kwanza kumfikia alifungua kizibo, akanusa, akafumba macho.

"Mama, hii ndiyo mafuta. Ile ya kopo iko kama mayi. Sombe bila mawese ni mayani tu."

Hakuwa na pesa. Alikuwa na kopo. Mama akamkadiria: kopo moja zima kwa lita tatu za mawese. Kufika mchana hakubakiza tone, na alirudi Kigoma na makopo yake kwenye lori la watu. Hapa mjini, kinyume chake, kulikuwa na walioona mawese ni mambo ya shamba. Walimu, makarani, mama ntilie wa Mwanga waliotaka maandazi yasiyo mekundu, wote walinunua makopo. Basi mafuta yaliyozalishwa ng'ambo ya Atlantiki yakawa yanakaanga maandazi ya mwisho wa reli, na mawese ya Mwandiga yanapika sombe ya Wakongo ambao serikali ya Marekani ilidhani inawalisha kwa kopo. Kila mtu akapata alichotaka, isipokuwa yule aliyeandika kuwa si ya kubadilishwa.

Ada zangu za kidato cha tano na cha sita zilitoka kwenye biashara hiyo. Sipendi kuisema hadharani, maana kuna watu waliolia ili mimi nisome, na sijapata namna ya kuliweka hilo vizuri. Mama yeye haoni tatizo. Anasema aliwapa walichotaka, kwa kipimo cha haki, na aliyetaka nyongeza alimpa.

Kopo tupu nalo lilikuwa na bei. Likakatwa koroboi, likawa kipimo cha dagaa, likawa paa la banda la bata. Likawa mlango.

Neno utandawazi tulilisikia baadaye, enzi za Mkapa, likirudiwa kwenye kila hotuba. Vijiweni wakaligeuza haraka kuwa utandawizi, kwa kicheko. Mama aliposikia maana yake alishangaa kwamba jambo hilo linahitaji semina.

Lakini asifikiri mtu kwamba kopo ndilo lililoua mawese. Mawese yaliuawa na ndugu yake.

Miaka ya 2000 yalianza kuja kwa treni madumu ya mafuta ya kula ya rangi ya dhahabu, ya bei ya chini kuliko kitu chochote mama alichoweza kukamua au kununua Mwandiga. Wateja wa mjini wakahama, kisha na wa vijijini. Baba alikuwa amestaafu, hana magunia ya kusoma, kwa hiyo alikuwa akikaa na mama kibandani akisoma chochote kinachopita. Siku moja akageuza dumu la jirani, akavaa miwani, akasoma, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mama watoto, haya ni mawese."

"Mawese gani hayana rangi?"

"Mawese. Yametoka Malaysia. Yamechujwa, rangi ikatolewa, harufu ikatolewa."

Mama aliyachovya, akaonja, akanyamaza kidogo. "Yaani wameyavua nguo," alisema, "wakatuletea tusiyatambue."

Hapa Kigoma kila mtoto ameambiwa kwamba Wamalaysia walikuja zamani wakachukua mbegu za michikichi kwetu. Nimelisikia kwenye mikutano ya hadhara, nimelisikia msikitini. Linatupa heshima fulani, ya mtu aliyeibiwa. Kumbukumbu za zao lenyewe zinasema vingine: michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki imezaliwa kwa kiasi kikubwa na miche minne tu iliyopandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na asili yake ni Afrika Magharibi. Hata baada ya hapo miti ile haikuzaa vizuri, kwa sababu huko hakukuwa na mdudu wake wa kuichavusha. Watu walizunguka mashambani wakichavusha kwa mkono, mpaka mwaka 1981 Malaysia ilipomleta mdudu mdogo kutoka Cameroon na kumwachia huru. Alifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na maelfu ya vibarua, bila mshahara. Nikisikia watu wanabishana nani alifaidi utandawazi, nampigia kura mdudu huyo.

Waliobaki walifaidi kwa jasho lao, ni haki kusema. Malaysia ilianza kuwagawia wakulima maskini mashamba ya mpango tangu 1956, ikaweka watafiti, ikapanda tenera, aina yenye nyama nyingi na kokwa jembamba. Sisi tulikaa na dura ya mababu, kokwa nene nyama kidogo, tukiikamua kwa kuzungusha mti kwenye pipa, huku tukiwa na hakika kwamba sisi ndio wenye zao. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alikuja kuanzisha kampeni ya michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikaanza kutoa miche ya tenera. Mama alipanda hamsini kwenye kishamba chake cha Simbo. Inazaa. Anaitazama kwa mashaka, kama wakwe wapya, kwa kuwa ni mifupi na mtoto anaweza kuangua bila kupanda.

Sasa baba ana miaka themanini. Macho yamechoka, masikio bado. Mimi ndiye msomaji wake wa magunia nikiwa nyumbani. Desemba 2022 nilimsomea kwamba mkataba wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, umesainiwa na kampuni za Kichina. Hakuuliza gharama.

"Upana gani?"

Nikamwambia milimita 1,435. Akahesabu kwa vidole. Mjerumani aliweka mita moja kamili. Mchina wa TAZARA, ile reli ya Zambia, akaweka 1,067 ili afanane na reli za kusini, na hivyo reli mbili za nchi moja hazikuweza kuingiliana, mzigo ikabidi uhamishwe Kidatu kutoka behewa hadi behewa. Huyu naye amekuja na wake. "Kila mkubwa," alisema, "anakuja na upana wake, na anayebeba gunia kutoka behewa hili kwenda lile ni sisi."

Nikamweleza na ya Lobito: Wamarekani na Wazungu wanafufua reli ya Angola ili shaba na kobalti ya Kongo itokee Atlantiki, na rais wao wa wakati huo, Biden, alikwenda mwenyewe Desemba 2024, na Wachina wanataka kuifufua TAZARA ili madini hayohayo yatokee huku. Baba aliamka kwenye kiti. Sijamwona na furaha ile tangu astaafu. Wachumba wawili wamerudi! Nikamwambia safari hii hawatutaki sisi, wanataka kilichoko nyuma yetu, sisi ni njia tu. Akasema hata 1965 walikuwa wanapita.

Kisha akaniomba kama zamani: nimtafutie habari ya upande huu, halafu ya upande ule. Nikatafuta kwenye simu. Moscow ilishabadili jina tangu 1993 ikawa Sauti ya Urusi, baadaye ikatoweka kabisa kwa lugha yetu masikioni mwake. Nikaenda kwa Sauti ya Amerika. Ilikuwa Machi 2025, na serikali yao wenyewe ilikuwa imewatoa watangazaji kazini. Ukurasa umesimama kwenye habari ya juzi. Baba alidhani ni mtandao. Alisema nisogee karibu na dirisha.

Mwezi Juni mkataba wa Kongo na Rwanda ulisainiwa Washington, na madini yakiwa kwenye mazungumzo. Tarehe 1 Julai shirika lao la misaada, USAID, likafungwa rasmi, shughuli zilizobaki zikahamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Nilikuwa nyumbani siku ya pili yake, nikawasomea wote wawili kibarazani. Baba alitaka kujua nani amelifunga na kwa nini. Mama alikuwa anachambua dagaa, nyuma yake mlango wa jiko uko wazi.

"Kwa hiyo makopo hayaji tena?"

Nikamwambia misaada mingi imeshapungua, na wengi wa Warundi wanarudishwa kwao, lakini Wakongo wa Nyarugusu bado wapo na wengine wanaingia.

"Bado wapo," alisema, akanawa mikono. Aliniomba simu, nimpigie yule kijana wa Mwandiga, aulize dumu la lita ishirini limefika bei gani.